Nani Ameushika Muhuri? Uhakiki wa Istilahi za Ufunguo, Pochi na Wingu

Makala haya yanakusudia kuhakiki istilahi chache zinazotumika sasa katika tafsiri za Kiswahili zinazohusu utambulisho wa watu kwa njia ya kompyuta, hasa pale ambapo utambulisho huo umefungamanishwa na yale madaftari ya pamoja ambayo wengi huyaita blokcheni. Istilahi zenyewe ni ufunguo, ufunguo wa umma, ufunguo binafsi, pochi na wingu. Si nyingi, wala si ngeni masikioni. Ugeni umo katika kazi zilizopewa. Tunadai kwamba kila moja kwa nafasi yake yaweza kutetewa, lakini zikikutana katika sentensi moja humficha msomaji jambo lenye uzito kuliko yote, nalo ni hili: ni nani aliyekishika kile kitu ambacho kwacho mtu hutambuliwa?

Kilichotusukuma kuandika ni sentensi moja. Ofisini kwetu ililetwa rasimu ya tafsiri ya masharti ya huduma ya namna hiyo ili isomwe na kusahihishwa. Mfasiri alikuwa mtu makini, na sarufi yake haikuwa na ila. Sentensi ilisema: "Ufunguo wako binafsi huhifadhiwa salama katika wingu, na wewe peke yako ndiye mwenye mamlaka juu ya utambulisho wako." Tuliwasomea wenzetu watatu wasio mafundi wa kompyuta, yaani karani wa masjala, mwalimu wa sekondari na dereva, kisha tukawauliza ufunguo uko wapi. Wa kwanza alijibu kwamba uko ndani ya simu. Wa pili alisema kwamba ufunguo ni ile namba ya siri anayoibonyeza. Wa tatu alicheka, akasema, "Ndugu zangu, kama uko winguni basi uko kwa Mungu." Hapana hata mmoja aliyesema kwamba ufunguo umo katika mitambo ya kampuni, na hilo ndilo lililokuwa jibu sahihi. Tafsiri iliyo sawa neno kwa neno iliwapoteza wasomaji watatu kati ya watatu.

Kitu chenyewe

Kabla ya kulihukumu jina ni haki kukitazama kinachoitwa. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, walichapisha wazo la namba mbili zilizofungamana kwa hesabu, moja ikitangazwa kwa watu wote na ya pili ikifichwa na mwenyewe. Mwaka uliofuata Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walibuni njia ya kulitekeleza wazo hilo. Jozi ya namba za namna hii ina kazi mbili. Ya kwanza ni kufumba na kufumbua maandishi: mtu yeyote aweza kukufumbia ujumbe kwa namba yako iliyotangazwa, nawe peke yako ukaufumbua kwa namba yako ya siri. Ya pili ni kutia saini: hesabu hupigwa juu ya maandishi fulani kwa kutumia namba ya siri, ikatoka namba nyingine, na kila mwenye namba iliyotangazwa aweza kuhakiki kwamba saini hiyo imetokana na namba ya siri iliyo jozi yake, na kwamba maandishi hayakubadilishwa hata herufi moja.

Daftari la pamoja limesimama juu ya kazi hii ya pili. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Swali lililobaki tangu hapo ni nani awe karani. Mwaka 2008 mtu au kikundi kilichojiita Satoshi Nakamoto kilitoa maelezo ya daftari lisilo na karani mmoja, na mwezi Januari mwaka 2009 daftari hilo la Bitcoin likaanza kufanya kazi. Nakala zake hukaa katika kompyuta nyingi, na kila fungu la maingizo hubeba muhtasari wa hesabu wa fungu lililolitangulia, hata ikawa vigumu mno kufuta la jana bila kuonekana leo. Katika daftari la namna hii hapana anayekujua kwa sura wala kwa jina la baba. Unajulikana kwa namba yako iliyotangazwa, na neno lako hukubaliwa kwa sababu saini yako imehakikiwa.

Kutoka fedha, wazo hili limehamia katika utambulisho. Mwezi Julai 2022 W3C, shirika linaloweka kanuni za wavuti, lilipitisha kanuni ya vitambulishi visivyotegemea mamlaka moja. Kitambulishi cha aina hii chaweza kuandikwa katika daftari la pamoja, kikaambatana na maelezo ya namba zilizotangazwa ambazo kwazo mwenyewe huhakikiwa. Matokeo yake ni mazito. Katika mfumo huo, anayeweza kuitumia namba ya siri ndiye wewe. Asiyeweza si wewe, hata kama amesimama mlangoni na cheti chake cha kuzaliwa mkononi.

Lakini watu hupoteza simu, husahau, huibiwa, hufa. Kwa hiyo makampuni yakajitokeza kuwatunzia watu namba zao za siri. Mara nyingi namba hiyo huwekwa katika mtambo maalumu uliokazwa usiweze kutoa siri iliyomo, nao mtambo hukaa katika jumba la kompyuta la kampuni au la kampuni nyingine inayokodisha mitambo. Mtu mwenyewe hubaki na nywila, au alama ya kidole, au tarakimu chache anazotumiwa katika simu. Akitaka kutia saini hutoa idhini. Yeye huamuru, atiaye saini ni mtambo wa mwingine.

Ufunguo usiofungua

Sasa tulitazame neno ufunguo. Katika lugha nyingine neno la maana hiyo laweza kuwa tupu, lisionyeshe asili yake. Katika Kiswahili sivyo. Ufunguo umetokana na kitenzi fungua, nacho fungua ni kinyume cha funga. Neno lenyewe latangaza kazi yake, kwamba hiki ni kitu cha kufungulia. Kwa kazi ile ya kwanza tuliyoitaja, ya kufumbua maandishi, jina hili lafaa bila shaka. Kwa kazi ya pili, ambayo ndiyo inayohusika na utambulisho, halifai sawasawa. Atiaye saini hafungui kitu. Anaweka alama yake juu ya neno ili wengine walitambue kuwa ni lake.

Kiswahili kina jina la kitu cha kuwekea alama ya namna hiyo. Ni muhuri, neno lililotufikia kutoka Kiajemi na kuzoeleka katika pwani yetu kwa karne nyingi, kisha likaingia katika kila ofisi ya serikali. Hapana mtumishi asiyejua maana ya barua iliyogongwa muhuri na barua isiyogongwa. Zaidi ya hayo, hapana asiyejua swali la kuuliza panapotokea barua ya uongo yenye muhuri wa kweli. Hatuulizi kama mlango ulifunguliwa. Twauliza: muhuri ulikuwa kwa nani siku hiyo? Uliachwa mezani? Nani alikuwa na droo?

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya majina haya mawili. Mtu akiambiwa kwamba ufunguo wake umehifadhiwa mahali salama, huridhika, kwa kuwa amezoea kuweka ufunguo wa akiba kwa jirani, na hasara anayoiona ni kuibiwa vyombo. Akiambiwa kwamba muhuri wake umehifadhiwa kwa mtu mwingine, hushtuka mara moja, kwa kuwa ajua kwamba mwenye muhuri aweza kusema kwa jina lake. Mshtuko huo ni maarifa, na istilahi inayomnyima msomaji mshtuko unaostahili imemnyima sehemu ya maana.

Umma, binafsi na siri

Kosa la pili limo katika vivumishi. Ile namba iliyotangazwa huitwa ufunguo wa umma, na ile iliyofichwa huitwa ufunguo binafsi. Msomaji wetu amelijifunza wapi neno umma? Amelijifunza katika mali ya umma, mashirika ya umma, utumishi wa umma. Na binafsi amelijifunza katika sekta binafsi, shule binafsi, hospitali binafsi. Katika matumizi hayo maneno haya mawili hugawa umiliki: hiki ni cha taifa, kile ni cha mtu au kampuni. Kwa hiyo ufunguo wa umma husomeka kama ufunguo ulio mali ya serikali, nao ufunguo binafsi husomeka kama ufunguo nilioununua mwenyewe. Dhana zote mbili si sahihi. Namba zote mbili ni za mtu yuleyule. Tofauti ni kwamba moja hutangazwa na nyingine hufichwa.

Lugha ilikwisha kututengenezea njia. Tunao mkutano wa hadhara, ambao si mali ya serikali bali ni mkutano wa wazi ambao kila apitaye aweza kusikiliza. Basi namba iliyotangazwa na iitwe ufunguo wa hadhara, nayo iliyofichwa iitwe ufunguo wa siri.

Hapo panahitajika tahadhari. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mamilioni ya watu wamezoea kuwa na namba ya siri. Mwalimu wetu alipojibu kwamba ufunguo ni ile namba anayoibonyeza, hakukosa akili; alitumia ujuzi alionao. Lakini tarakimu chache zinazobonyezwa na ufunguo wa siri ni vitu viwili. Tarakimu zile ni idhini tu. Anayezibonyeza huuambia mtambo, "Ni mimi, endelea." Ufunguo wa siri ni namba ndefu mno isiyoweza kukaririwa kwa urahisi, na ndiyo hasa itiayo saini. Mwenye kushika idhini peke yake, bila ufunguo, yuko katika hali ya bosi aliyemwachia karani muhuri akabaki na kauli ya kusema, "Gonga." Mfasiri asikubali kuyaita yote mawili siri yako bila kueleza ipi ni ipi.

Pochi na wingu

Pochi ni neno jepesi linalopendwa, na kwa sababu hiyo ni la hatari zaidi. Katika pochi tunaweka noti na vitambulisho, ikipotea, vimepotea, ikiwa mkononi, vipo. Pochi ya blokcheni haina fedha ndani yake. Fedha ni maingizo katika daftari, na daftari liko kwa wote. Kilichomo ndani ya pochi ni funguo, au njia ya kuzifikia funguo zilizoko kwingine. Kwa hiyo mtu aweza kuwa na pochi mkononi usiku na mchana, na ndani yake pasiwe na kitu ila njia ya kuomba. Jina hili limekwisha kuingia hata katika sheria za mataifa: kanuni ya Umoja wa Ulaya Namba 1183 ya mwaka 2024 imeanzisha pochi ya utambulisho kwa wananchi wa nchi wanachama. Hatudhani kwamba tunaweza kulizuia katika Kiswahili. Tunachotaka ni kwamba lisiachwe peke yake. Na iandikwe pochi ya funguo, ili msomaji ajue la kuuliza, yaani kama funguo zenyewe zimo ama hazimo.

Wingu nalo lina kasoro ya aina nyingine. Wingu halina mwenyewe. Haliko mahali pamoja, halishtakiwi, halilipi kodi. Kwa mkulima wingu ni dalili ya mvua, na mvua ni ya Mungu, kama dereva wetu alivyotukumbusha. Kinachoitwa wingu katika mambo ya kompyuta ni kinyume cha hayo yote. Ni majumba yenye kuta na walinzi, yenye mashine zinazokula umeme mwingi, yaliyo katika nchi fulani chini ya sheria za nchi hiyo, mali ya kampuni yenye jina na wanahisa. Jina lililoanza kama mchoro wa mafundi, waliochora wingu pale ambapo hawakuhitaji kueleza kilichomo, limekuwa pazia kwa watu wasio mafundi. Mafundi wakiambiana wingu wanaelewana, wala hatuna ugomvi nao. Katika mkataba, fomu au sheria, neno hili halitoshi.

Yaliyowapata wengine

Isidhaniwe kwamba hili ni shindano la maneno tu. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulitoa maelekezo juu ya saini za kielektroniki. Miongoni mwa masharti ya saini iliyo bora, maelekezo hayo yalitaka zana za kutilia saini ziwe ni zile ambazo mtia saini aweza kuendelea kuzishika chini ya mamlaka yake pekee. Kanuni Namba 910 ya mwaka 2014 ikachukua mahali pa maelekezo hayo. Sharti sasa likawa kwamba mtia saini aweze, kwa kiwango kikubwa cha uhakika, kuzitumia data za kutilia saini chini ya mamlaka yake pekee. Kitenzi kimoja kimebadilika, kutoka kushika kwenda kutumia. Kwa mabadiliko hayo mlango ulifunguka kwa funguo kutunzwa na watoa huduma walioidhinishwa, kwa niaba ya watia saini. Hatusemi kwamba Ulaya ilikosea; kanuni yenyewe imeweka masharti makali juu ya watunzaji hao. Tunasema kwamba watunga sheria walijua kuwa kushika si kutumia, wakachagua kitenzi kwa makusudi. Mfasiri wa Kiswahili anayeandika mamlaka juu ya utambulisho wako bila kubainisha ni mamlaka ya kushika au ya kutumia, ameifuta tofauti ambayo wengine waliipimia kitenzi.

Huko Kanada kampuni ya QuadrigaCX ilikuwa ikiwatunzia wateja fedha zao za Bitcoin na nyinginezo. Mkurugenzi wake alifariki mwezi Desemba 2018, na kampuni ikatangaza kwamba ni yeye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kuzifikia funguo. Wateja wapatao 76,000 walikuwa wakidai. Mwaka 2020 Ontario Securities Commission, tume inayosimamia masoko ya mitaji katika jimbo hilo, ilitoa taarifa kwamba sehemu kubwa ya hasara haikutokana na funguo zilizopotea bali na udanganyifu wa mkurugenzi huyo, na kwamba wateja walipoteza angalau dola za Kanada milioni 169. Kila mmoja wa wateja hao alikuwa na akaunti iliyoandikwa jina lake, na nywila yake mwenyewe. Hakuna aliyekuwa na ufunguo.

Wala kushika ufunguo mwenyewe si kinga ya kila kitu. Mwaka 2017 nchini Estonia iligunduliwa kasoro katika namna funguo zilivyotengenezwa ndani ya vitambulisho vya taifa. Kadi zilizohusika zilizidi 700,000, zote zikiwa mikononi mwa wananchi wenyewe, na mwezi Novemba serikali ililazimika kuzisimamisha mpaka zirekebishwe. Kwa hiyo hatuandiki ili kuwashawishi watu waweke funguo zao hapa au pale. Hilo ni shauri la mtu na la wataalamu wa usalama. Tunaandika ili mtu anapochagua ajue amechagua nini.

Karibu zaidi na nyumbani, mwezi Agosti 2023 Serikali ya Kenya ilisimamisha shughuli za Worldcoin, mradi uliokuwa ukipiga picha macho ya watu ili kuwapa utambulisho unaofungamana na blokcheni, pamoja na sarafu za kidijitali. Mwezi Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru data hizo za miili ya watu zifutwe. Moja ya mambo yaliyobishaniwa lilikuwa ridhaa. Nayo ridhaa haiwezi kuwa bora kuliko maneno ambayo kwayo iliombwa.

Neno tulilokuwa nalo

Tumekwisha kusema kwamba wingu halina mwenyewe. Je, Kiswahili hakina neno la kitu cha mtu kilichowekwa kwa mwingine, kikabaki mali ya mwekaji, huku mwekewa akiwa na wajibu wa kukilinda na kukirudisha? Tunalo, nalo ni amana. Ni neno la sheria, la dini na la sokoni. Mtu akisema kwamba kitu fulani ni amana, papo hapo watu wawili wameingia katika mazungumzo: mweka amana na mwekewa amana. Pia umeingia wajibu, na aibu ya kuuvunja. Wingu halikuleta hata kimoja katika hivi.

Basi ufunguo uliotunzwa katika mitambo ya kampuni na uitwe ufunguo wa amana, na ule ulio katika kadi, simu au chombo cha mtu mwenyewe uitwe ufunguo wa mkononi. Ipo hali ya tatu, ambayo ufunguo hugawanywa vipande, hata asiwepo mmoja anayeweza kuutumia peke yake. Shamir, mmoja wa wale watatu tuliowataja, alieleza njia ya kugawa siri kwa namna hiyo mwaka 1979. Dhana hii haitawasumbua wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa vijijini, ambao sanduku lao lina kufuli tatu na funguo zimeshikwa na watu watatu. Ufunguo wa vipande ni jina linalojieleza.

Faida ya mgawanyo huu huonekana kwenye neno kukana. Saini ya aina hii husifiwa kwamba aliyeitia hawezi kuikana. Sifa hiyo imejengwa juu ya dhana kwamba ufunguo hutumiwa na mwenyewe tu. Ufunguo ukiwa wa amana, mtu anayesema, "Sikutia saini hii," hajasema jambo la kipuuzi. Lazima mwekewa amana naye aulizwe. Sasa tumfikirie mtu huyo mbele ya hakimu. Tanzania inayo Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayoitambua saini ya kielektroniki, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Masharti aliyoyakubali yatasomwa kwa Kiswahili. Yakiwa yamesema "wewe peke yako ndiye mwenye mamlaka", maneno hayo yatamfunga. Yakiwa yamesema "ufunguo wako tumeuchukua kwa amana", yatamfunga aliyeuchukua. Kati ya sentensi hizo mbili hakuna tofauti ya mtambo hata mmoja. Tofauti ni mfasiri.

Hoja za kupinga

Wapo watakaosema kwamba ufunguo limekwisha kuenea, na kwamba kulipinga sasa ni kazi bure. Tunakubali sehemu ya hoja hiyo. Wanaistilahi waliowahi kupigania ngamizi wanajua kilichotokea: watu wengi wanasema kompyuta. Istilahi ikichelewa huikuta nafasi imejaa, nasi wa ofisi za istilahi hatuna budi kukiri kwamba katika uwanja huu tumechelewa. Ndiyo maana hatupendekezi kuling'oa neno ufunguo. Tunapendekeza kulipa kijalizo kinachotaja kazi yake na mtunzaji wake. Kijalizo huweza kuingia hata pale ambapo jina limekwisha kukaa.

Wengine watasema kwamba muhuri nao una kasoro, kwa kuwa alama ya muhuri wa ofisi ni ileile juu ya kila barua na yaweza kuigwa, ilhali saini ya kidijitali hubadilika kwa kila maandishi. Ni kweli. Hakuna sitiari isiyochechemea. Lakini sitiari ya muhuri huchechemea katika ufundi, ambao wahusika wake wana vitabu vyao; ile ya ufunguo huchechemea katika wajibu, ambao mwananchi hana kitabu kingine cha kuusomea zaidi ya fomu aliyopewa.

Wengine tena watasema kwamba amana ni neno zito mno, na kwamba makampuni hayatapenda kulitumia kwa kuwa linawatia wajibu. Hoja hii hatuijibu. Tunaiacha kama ilivyo, isomwe mara ya pili.

Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunawapendekezea wafasiri, walimu na watumishi wa serikali istilahi zifuatazo, nazo ziko wazi kwa mjadala katika kurasa hizi:

Ufunguo wa hadhara: namba inayotangazwa, ambayo kwayo wengine huhakiki saini ya mtu au humfumbia ujumbe.

Ufunguo wa siri: namba inayofichwa, iliyo jozi ya ufunguo wa hadhara.

Ufunguo wa muhuri: ufunguo wa siri unaotumika kutilia saini, hasa katika utambulisho.

Namba ya idhini: tarakimu anazobonyeza mtu ili kuruhusu ufunguo utumike. Katika maandishi ya funguo itumike badala ya namba ya siri.

Ufunguo wa mkononi: ufunguo wa siri uliomo katika chombo kinachoshikwa na mwenyewe.

Ufunguo wa amana: ufunguo wa siri unaotunzwa na mwingine katika mitambo yake; maandishi yamtaje mwekewa amana kwa jina.

Ufunguo wa vipande: ufunguo wa siri uliogawanywa kwa watunzaji kadhaa, usioweza kutumika mpaka idadi iliyowekwa ishirikiane.

Pochi ya funguo: programu au chombo cha kutunzia funguo au cha kuzifikia.

Hifadhi ya mbali: mitambo ya kampuni ambamo data za watu hutunzwa. Itumike badala ya wingu katika mikataba, fomu na sheria, pamoja na jina la mwenye mitambo na nchi iliyomo.

Daftari la pamoja: daftari ambalo nakala zake hukaa kwa wengi. Blokcheni ni aina mojawapo, ambayo mafungu yake yameunganishwa kwa mfuatano.

Tuliirudia ile sentensi ya rasimu na kuiandika upya hivi: "Ufunguo wako wa muhuri hutunzwa na kampuni yetu kwa amana, katika hifadhi ya mbali. Unapobonyeza namba yako ya idhini, mtambo wetu hutia saini kwa niaba yako." Tuliwasomea tena wenzetu watatu. Karani wa masjala aliinua kichwa kabla hatujauliza chochote. "Kumbe," alisema, "muhuri wangu wanao wao! Na siku wakiugonga bila mimi kusema, nitajuaje?"

Swali hilo halimo katika masharti, na mfasiri hana mamlaka ya kulijibu. Tumelipeleka kwa waliotuletea rasimu.